Jumapili Niliyosoma Adhabu ya Sifa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa na umri kama wako, katika ukumbi wa shule pale Barking, mtaa wa huku ughaibuni, tulipokuwa tukisali. Nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia ukisema yule binti wa kwaya asimamishwe mbele ya watu, iwe fundisho. Ulinikumbusha mimi mwenyewe.

Nilikuwa katibu wa kanisa. Lilikuwa kanisa kali. Suruali kwa mwanamke ilikuwa dhambi, bia ilikuwa dhambi, na aliyekosa aliitwa mbele, adhabu yake ikasomwa kwenye maikrofoni, kisha miezi mitatu hasalimiwi na mtu. Kazi ya kusoma ilikuwa yangu, na sitakuficha, niliipenda.

Siku hiyo aliyeitwa mbele alikuwa Sifa. Mimi naye tulikuwa tumepanga chumba kimoja, tukifanya usafi ofisi moja, tukisimama bega kwa bega kwenye kwaya. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana, na mume hana. Ila kulikuwa na jambo ambalo Sifa peke yake alilijua. Mimi nami nilikuwa na mtu wangu, na mtu huyo alikuwa na mke kule Bukavu. Sifa ndiye aliyekuwa akinifungulia mlango nikirudi usiku kutoka kwa mtu huyo.

Nikasoma karatasi ya adhabu yake. Sauti yangu haikutetemeka. Nilipomaliza, mzee mmoja wa kanisa akamwuliza Sifa, "Kwenye kwaya nani mwingine anaishi hivi? Ukimtaja, tutakupunguzia adhabu."

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake.

Sifa hakunitupia jicho hata mara moja. Akasema taratibu, "Mzee, nimekuja na dhambi yangu. Ya mwenzangu sikuja nayo."

Nimevuka mipaka kwa miguu, mwanangu, na mengi nimeyaona. Lakini sijaona kitu kilichonitia hofu ya Mungu kama mwanamke yule, amesimama na tumbo lake, hana wa kumshika mkono, na bado ananisitiri mimi niliyetoka kumsomea hukumu.

Jumapili saba nilimpita pale kanisani kama simjui, na tukifika nyumbani ananipakulia sombe, yale majani ya muhogo, kama kawaida. Siku moja nikaisukuma sahani pembeni. Nikamwuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, ungetubu kwa kuwa tu umekamatwa," akajibu. "Kula, dada, sombe inapoa."

Wiki ile nikaachana na yule mtu. Jumapili nikaomba maikrofoni nikasema yangu yote. Watu wakaguna, wengine wakapiga kelele. Nikavuliwa ukatibu, nikapewa miezi yangu mitatu.

Lakini sikiliza kilichotokea kituo cha basi baada ya ibada. Mama mmoja, aliyepiga kelele kuliko wote, akaja akasimama karibu nami. Haikuruhusiwa hata kunisalimu. Akaninong'oneza dhambi yake, akalia. Akaja mwingine. Basi lilipofika nilikuwa nimeshasikia mambo ya watu wanne, wote wale waliokuwa wakikaa viti vya mbele. Nikapanda. Miaka yote ile tulikuwa tukiadhibiana, kila mtu akiogopa zamu yake.

Sisemi kwamba dhambi si dhambi. Yule mke wa Bukavu nilimdhulumu, na jambo hilo halina jina zuri. Ninachokuambia ni hiki: kabla hujamhukumu mtu, kaa peke yako ujiulize unaficha nini, na ujijibu kweli. Ukiwa na la kumkanya yule binti, mwendee nyumbani kwake, mkae wawili, umsikilize kwanza. Wala usimwaibishe mtu ili wewe uonekane safi.

Mungu akupe ulimi mpole, mwanangu, na moyo usioukimbia ukweli wake. Na siku utakayoanguka, maana sote huanguka, akuweke karibu na mtu kama Sifa. Amina.