Matundu ya Ukuta wa Kambi

Walisema siwezi, mwanangu. Kijana wa Suji aliyeshuka mlimani na viatu vya kuazima, eti atarudi na stashahada ya ujenzi? Nilirudi nayo, tena nikiwa wa tatu darasani. Kazi yangu ya kwanza ikawa kambi ya zamani ya askari, ile ya mteremkoni, ambayo kijiji kilitaka iwe shule ya chekechea.

Unaijua. Jengo refu la mawe la enzi za Wajerumani, kuta nene kama urefu wa mkono, vyumba mstari mmoja, baraza mbele. Nililikarabati vizuri mno; hata leo milango yake hailii. Kosa langu lilikuwa uani. Ukuta wa ua upande wa bondeni ulikuwa na matundu, yote chini kabisa, usawa wa ardhi. Nikawaeleza watu, kwa sauti ya msomi, kwamba askari walilala kifudifudi hapo wakilenga bunduki barabarani. Watoto wa chekechea hawana haja na matundu ya bunduki, nikasema. Nikayaziba yote kwa saruji.

Bibi Nakundwa, ambaye nyumba yake ilikuwa chini tu ya ukuta ule, alipanda kuja kutazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakwambia ni ya bunduki?"

"Yanaonekana tu, bibi. Mambo haya tumeyasomea."

"Haya, msomi," akasema, akashuka zake.

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mvua imenyesha siku tatu. Nilikuta ua umejaa maji, na ukuta umefanya tumbo kuelekea nyumba ya bibi. Mwenyewe alikuwa ameshatoa mbuzi na vyombo, amesimama mvuani na mtaimbo mkononi.

"Umenijengea ndiva, bwawa zima, juu ya kichwa," akasema. "Ila ndiva zetu za kumwagilia mashamba zina tundu la kufungulia maji. Yako haina."

Nikapokea mtaimbo. Nikapiga magoti majini, nikatoboa saruji yangu mwenyewe, tundu baada ya tundu. Maji yakatoka, yakafuata mfereji wa mawe uliopita pembeni mwa nyumba yake, mfereji niliouruka kila siku bila kuuliza ni wa nini. Ukuta haukuanguka.

Ua ulipokauka kidogo, bibi alinishika mkono akauingiza kwenye tundu moja.

"Papasa."

Chini ya mabaki ya saruji, kwenye chokaa ya kale, kulikuwa na alama za vidole. Vidole vyembamba.

"Wajerumani waliamuru tu," akasema. "Waliojenga ni watu wa hapa. Mama yangu alisiliba haya akiwa msichana, kama walivyosiliba ndiva."

Nikaanza kumwomba radhi. Akavua kanga, akanifunika mabegani. "Nyamaza, fundi. Nyumba yangu ipo."

Stashahada yangu imening'inia sebuleni mpaka leo, nawe umeiona. Lakini kuitwa fundi nilianza siku ile.

Basi mwanangu, ukirudi na cheti chako, jivunie, mimi sijaacha. Ila ukikuta tundu usilolielewa katika kazi ya waliokutangulia, kamuulize kwanza anayeishi chini yake. Mungu akupe kazi zitakazodumu kuliko umri wako, na siku utakayokosea, akupe jirani wa kukuletea mtaimbo.