Swali la Tatu la Papa Byamungu

Mwanangu, kuna asubuhi moja naikumbuka hata siku ambazo sitaki kuikumbuka. Umenijia na furaha yako, kwamba wamekupa timu ya vijana wanaoandika programu pale Ibanda, na unataka maman akuambie namna ya kuwaongoza. Umeona nimenyamaza ukadhani sikufurahi. Nimefurahi. Lakini nimewaambia wengi kabla yako, wakanishukuru vizuri sana, wakaenda kufanya yale yale. Basi kaa, chai ipo, nitasema tena.

Ilikuwa ile vita ya pili ya Kongo, mji uko mikononi mwa waasi, na barabara za kutoka Bukavu hazina mwenyewe. Leo unapita, kesho hupiti, na hakuna wa kukueleza sababu. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka masomoni juzi, bado wananiita Faida tupu, bila maman mbele yake. Nilipata kazi kwenye ofisi moja ya misaada iliyokuwa ikipeleka dawa na serumu, yale maji ya kuwatundikia wagonjwa, katika vituo vya afya vya upande wa Mudaka na Lwiro. Watu wa kompyuta tulikuwa mimi, Cito na Mapendo, na shefu wetu, mkubwa wa kazi, alikuwa Papa Byamungu, mtu mrefu, mpole, aliyesomea Nairobi na kurudi wakati wengine wanakimbia.

Kazi yetu ilikuwa programu ya barabara. Kila asubuhi watu wetu wa vijijini walituita kwa fonie, ile redio ya kusemeshana mbali, wakaeleza njia ya kwao iko namna gani. Sisi tuliingiza habari hiyo, na ramani kwenye kompyuta ikaonyesha rangi. Kijani, pita. Nyekundu, kaa. Dereva alikuja, akatazama, akawasha gari au akarudi kwake.

Nyinyi leo hiyo njia ya kufanya kazi munaiita agile, muna vikaratasi vya rangi ukutani, na kila mtu ana cheo cha kutamka kwa pua. Sisi hatukujua jina lake. Papa Byamungu alituambia tu: kazi kubwa muikate vipande, kila juma mumalize kimoja, mukionyeshe kwa wale watakaokitumia, na wakisema hapana, mukibadilishe bila kununa. Tena kila asubuhi, kabla mtu hajakalia kiti, tulisimama kwa duara naye akatuuliza maswali yake. "Jana mulifanya nini? Leo mutafanya nini? Na nini iko inawazuia?" Hilo la tatu ndilo alilolipenda. Alikuwa akisema yale mawili ya kwanza ni ya kumfurahisha shefu, la tatu ni la kumsaidia.

Na ilienda vizuri, nisikudanganye. Cito akisema umeme umemkatia kazi, Papa alikwenda mwenyewe kubembeleza petroli ya jenereta. Mapendo akisema kitu fulani hakijui, tuliketi naye mpaka akijue. Hakuna aliyechekwa. Niliwaza, kumbe kazi inaweza kuwa hivi.

Halafu kijana wa kwanza wa Papa Byamungu, mwanawe wa kumzaa, akauawa. Alikuwa nyumbani kwa rafiki yake kule Cimpunda, risasi ikapita ukuta wa mbao. Hakuwa askari, hakuwa na ugomvi na mtu. Tulikaa kilio pamoja na Papa, tulimwimbia, tulimzikia mutoto wake. Na kilio hakijapoa, akarudi kazini. Alikonda, shati likawa la mtu mwingine. Alisimama kwenye duara lake asubuhi akauliza maswali yake kwa sauti ile ile, tukatazama chini.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo tulipopotea. Cito alikuwa amegundua ubaya ndani ya programu. Siku ambayo kijiji hakikuita, ramani ilipaswa kufuta rangi yake, ionekane wazi kwamba hatujui. Haikufuta. Ilibaki na rangi ya jana. Kama jana ilikuwa kijani, leo pia kijani, hata kama kule hakuna mtu aliye hai wa kushika fonie. Cito alitueleza mimi na Mapendo uani, akasema atatengeneza kabla juma halijaisha, na kwamba tusimwambie Papa. Kidonda hakitiwi chumvi, alisema. Ile programu ndiyo kitu pekee kilichobaki kumsimamisha yule mzee, tukimwambia ni mbovu itabidi aitoe mikononi mwa madereva na aende kuwaeleza wakubwa. Kwetu, mwanangu, unajua, mtu wa kilio haletewi habari mbaya nyingine. Hata jirani akigombana na mkewe anashusha sauti. Tukakubali. Tuliona hiyo ndiyo heshima.

Juma likaisha kabla hajatengeneza. Umeme ukakatika, likaisha la pili. Na kila asubuhi, Papa alipofika kwenye swali la tatu, tulijibu mmoja baada ya mwingine: "Hakuna, papa." Mara ya kwanza nilijilazimisha kuitamka. Baadaye ikatoka yenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nilikuwa nikiujua msemo huo tangu shule ya msingi, ukanisaidia nini?

Dereva wa upande wa Mudaka alikuwa Tonton Mugisho, tonton ni mjomba, sote tulimwita hivyo. Mtu wa mizaha, mwenye tumbo, aliyenifanyia utani kila siku kwamba nitaolewa na kompyuta. Zamani, kabla ya programu yetu, alikuwa na desturi ya kusimama sokoni Kadutu asubuhi na kuwauliza wale bamaman wanaoshuka na mizigo ya kabichi kutoka Mudaka: mumepita namna gani, mumekuta nani njiani? Tulipomletea ramani, aliacha. Alisema haina haja ya kuwasumbua bamaman wakati batoto wake wamesoma. Alituamini kabisa, na aliamini kwa sauti kubwa, mbele ya watu.

Asubuhi hiyo nilipita mlangoni pa chumba cha fonie. Nilimsikia yule wa fonie akiita Mudaka, akiita, akingoja, akiita tena. Hakuna aliyejibu. Nikaingia kwetu, nikatazama ramani: kijani. Nikajua ni kijani cha jana. Nikajiambia labda betri yao imekufa, betri zao zilikufa kila mara, na barabara ile ilikuwa imetulia tangu mvua zianze. Tukasimama duara. Swali la tatu likaja kwa Cito, likaja kwa Mapendo, likaja kwangu.

"Hakuna, papa."

Tonton Mugisho aliingia tukiwa bado tumesimama, funguo mkononi. Akauliza, "Batoto, mashine inasema nini leo?" Akaiona rangi mwenyewe. Akampiga Papa Byamungu begani, akamwambia kwamba tangu apate programu hii mke wake analala usingizi, na kwamba kazi ya Papa ni baraka. Na Papa akacheka. Mwanangu, tangu tumzike mutoto wake hatukuwa tumeona meno yake. Mimi mdomo ulikuwa umefunguka tayari, neno liko kwenye ulimi. Nikautazama ule uso unaocheka, nikalimeza. Gari ilitoka uani na serumu zake, na sisi tukakaa kazini.

Mudaka haikuita kwa sababu watu wetu wa Mudaka walikuwa wamekimbilia porini usiku wa kuamkia siku hiyo. Tonton Mugisho aliwakuta wenye bunduki peke yao. Waliomleta ni watu wa vijiji vya njiani, walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, wakipokezana mabegani, na walipofika ofisini walimlaza pale pale uani na kuomba maji ya kunywa. Mke wake, Maman Nsimire, hakulia kwanza. Alitugeukia sisi wa kompyuta akatuuliza, kwa adabu, ramani ilikuwa imesema nini. Mapendo alifunika uso kwa mikono, na mama huyo akaelewa, akaanguka.

Tulimzika. Baada ya hapo Papa Byamungu alituita, akatusimamisha duara kama kawaida yake. Hakupandisha sauti. Aliuliza nani alijua, na sote watatu tukainua mikono. Halafu akasema:

"Fonie ikinyamaza, mashine inasema barabara iko muzuri. Mimi nikiwauliza, munaniambia hakuna. Sasa niambieni, mashine ilijifunza kwa nani?"

Cito alianza kulia, akasema, papa, tulikuhurumia. Na Papa akamjibu neno ambalo sijapata dawa yake mpaka leo.

"Mulinihurumia mimi. Mugisho, nani alimuhurumia?"

Usidhani alituwekea mzigo wote. Alisema yeye aliuliza kila siku lakini hakuwahi kututazama tukijibu, kwa sababu alitaka jibu liwe hakuna. Alijua sauti zetu zimebadilika. Hakuwa na nguvu ya kusikia, akaacha. Tangu siku hiyo hakuuliza tena maswali yake. Ofisi iliifunga ile programu. Cito alivuka mto Ruzizi, mpaka wa nchi, akaenda zake, sijasikia kama yuko hai. Papa Byamungu tulimzika kabla vita haijaisha, na madaktari walisema ni moyo, nami sikubishana nao.

Mimi nilibaki kwenye kazi hii. Nimeongoza timu, nimefundisha, nimesimama kwenye maduara mengi. Na kila mahali nasikia neno lile lile, siku hizi kwa Kifaransa, ça va, maman, ça va aller, yaani ni sawa, mama, itakuwa sawa. Nazitazama nyuso nzuri za vijana wenye adabu, najua kuna kitu wameficha, nachoka. Mji umeanza tena kusikiliza milio ya bunduki usiku. Nasema ukweli, sina matumaini makubwa. Watu hatubadiliki kwa kuambiwa. Labda wewe.

Basi nasaha zangu ni hizi, zishike au ziache. Kata kazi vipande vidogo, ndiyo, uionyeshe mapema kwa mwenye kuitumia, hata ikiwa inakutia aibu, maana aibu ya leo haiui. Kitu usichokijua, programu yako iseme hakijulikani, na wewe mwenyewe useme hivyo. Wasimamishe vijana wako asubuhi uwaulize, lakini ukiuliza, wakazie macho, na anayekujibu haraka haraka kwamba hakuna shida, huyo mfuate pembeni umuulize tena taratibu. Wa kwanza atakayekuambia kazi imeharibika, mshukuru mbele ya wote, hata kama neno hilo limekuchoma. Mkubwa ni jalala, mwanangu. Asiyeweza kutupiwa taka asikubali kuitwa shefu. Na siku ukiwa na msiba, ukaona huwezi kusikia tena, toka kwenye duara, mwambie mwingine asimame mahali pako. Hiyo Papa Byamungu aliikosa, na alikuwa mtu mwema kunishinda mimi na wewe. Wala usiwaache wakupende kiasi cha kukudanganya.

Nenda sasa, wanakungoja. Mungu akutangulie, akuepushe na heshima ya uongo, akupe watu watakaokuletea habari mbaya wakati gari bado iko uani.