Mama Buluu afunika pipa lake ili apige kura

Alfajiri, kabla jirani hajafungua mlango, Mama Buluu anakoroga. Sufuria kubwa imekaa juu ya mafiga, mashuka yanageuka manjano taratibu ndani yake, naye anayapindua kwa mti mrefu huku akikwepesha uso na mvuke. Nyuma yake pipa la rangi ya buluu limefunikwa kifudifudi. Hajaligusa wiki nzima, na wiki nzima amelitamani.

"Wateja wa jinzi nawarudisha," anasema. "Wengine wamenuna. Wanune tu, keshokutwa ni kura."

Kazi yake ni kutia rangi nguo zilizopauka. Jinzi za mitumba huingia kwake kama wagonjwa, zikatoka zikidai ni mpya. Humo ndimo anamopata zaidi ya nusu ya kipato chake, na humo ndimo alimopatia jina. Vidole vyake vina buluu hadi kwenye mizizi ya kucha. Ndimu, mchanga, sabuni ya unga, vyote amejaribu.

Uchaguzi uliopita vidole hivyo vilimponza. Alitoka kazini moja kwa moja, akapanga foleni kwenye shule iliyogeuzwa kituo cha kura, kitambulisho mkononi. Mlangoni msimamizi akamtazama vidole, kisha usoni.

"Mama, wewe umeshapiga. Wino huo hapo."

"Sijapiga, mwanangu. Hii ni rangi ya kazi."

"Kila anayekuja mara ya pili ana kazi."

Foleni ikaangua kicheko. Mmoja akamwita mwizi wa kura. Msimamizi hakufungua hata daftari kutafuta jina lake. Mwanamke ambaye hajawahi kubaki na hata kifungo cha mteja akarudi nyumbani mikono kaificha ndani ya mtandio.

Watia rangi wenzake wa kichochoro chao walipoona yaliyompata, hawakwenda kabisa. Nani ajipeleke kuaibishwa?

Kisha mvua zikaja. Mtaro mpya wa mtaa ulichimbwa ukaishia kwenye kona, hatua chache kabla ya kichochoro chao, na maji yote yakawa yanamwagikia uani kwao. Mama mkwe wake akateleza kwenye tope, akavunjika nyonga. Mama Buluu akafunga safari hadi kwa diwani.

"Akaniambia, 'Huko kwenu sikuona kura, nikadhani hamna watu.' Mama yuko kitandani analia kwa maumivu, kumbe sisi hatupo!"

Tangu hapo amekuwa akipita mlango kwa mlango, akiwasihi wenzake waache buluu wiki ya kura. Haikuwa kazi nyepesi. Jirani yake, mtia rangi mwenye ulimi mkali, alimcheka.

"Shoga yangu, kura yako wewe ni tone tu."

"Na maji haya yanayotuingia uani," akamjibu, "yalianza na nini?"

Jirani huyo sasa anatia rangi nyekundu, akilalamika kutwa kucha, lakini buluu hagusi.

Ofisa wa uchaguzi wa eneo hilo anasema safari hii wasimamizi wameagizwa kutafuta jina daftarini kabla ya kumrudisha mtu. Mama Buluu amesikia, ila hajabweteka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kila jioni bado anasugua kucha.

Chumbani, mama mkwe amesikia mazungumzo yote.

"We mkwe, mimi utaniacha hapa nilinde sufuria?"

"Nitakubeba na nini, mama?"

"Na huo mkokoteni wako wa nguo. Kwani mimi mzito kuliko jinzi mbichi?"

Wanacheka wote wawili. Ukweli ni kwamba mkokoteni umeshaoshwa, na godoro la kutandika limeanikwa uani.

Je, kura zao zitaleta mtaro? Mama Buluu anaacha kukoroga.

"Hilo sijui, sitakudanganya. Anaweza akashinda yuleyule, na mvua ikaja tukaloa vilevile. Lakini akihesabu, atatukuta. Hataniambia tena kwamba mama yangu hayupo."