Drumu za Zambarau Jukwaani

Nichekeni tu, maana hata watoto wangu bado wananicheka. Hapa Buffalo kanisa letu la Wakongomani linasali mchana katika jengo la kanisa la Wamarekani, wao wakisali asubuhi. Drumu za jukwaani zilikuwa zimechubuka vibaya, na kwa kuwa kwaya yetu inazitumia kila Jumapili, mimi nilijua ni zetu. Jumamosi niliingia peke yangu, nikazipiga msasa, nikazipulizia rangi ya zambarau yenye chembechembe za kumetameta. Jamani, ziling'aa kama gauni la bi harusi!

Kesho yake tulimkuta mzee mmoja wa Kimarekani anapekua makabati. Drumu zake za tangu ujana zimeibwa, alisema, na hizi za zambarau hajui zimetoka wapi. Alitaka kuita polisi.

"Bon, haya, Mama Esther," mchungaji akaniambia, "ufunguo uko na wewe. Hukuona mtu hapa jana?"

Nikainamisha kichwa. Chembechembe za zambarau zikapukutika kutoka kwenye nywele zangu hadi sakafuni. Mzee akazitazama, akatazama drumu, kisha akanitazama mimi.

"Mama," akauliza kwa upole, "chini ya hii rangi, ni zile zangu?"