Kampeni Yangu ya Kirumi

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa mlinzi wa jumba la makumbusho mjini Washington, na kwa miezi minane nilipangiwa kusimama mbele ya kabati la sarafu za fedha za Warumi. Mtu akisimama mbele ya kitu kutwa nzima, atakielewa au atasinzia. Mimi nilifanya vyote viwili. Nilijifunza kwamba mtawala wa Kirumi hutazama pembeni, hakutazami usoni. Kwamba mwenye upara huvishwa taji la majani. Na kwamba wakubwa walipokuwa wakinoleana panga, ndipo walipotoa sarafu yenye mikono miwili iliyoshikana, ili watu waamini kuna amani. Hilo la mwisho lilikuwa limeandikwa wazi kwenye kibao cha maelezo. Nililisoma kila siku na sikuona linanihusu nini.

Mwaka huo nikagombea uenyekiti wa chama chetu cha Waswahili. Niliyetaka kumng'oa ni rafiki yangu, mtu aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na sanduku lililokatika mpini, akalibeba begani hadi kwenye gari, akanilaza kwake Woodbridge miezi mitatu. Kosa lake? Kwenye pikiniki ya chama alinipa kazi ya kununua barafu, kipaza sauti akampa mwingine. Tangu siku hiyo sikupokea simu yake.

Nikachapisha vipeperushi mia tano kwa chama chenye watu tisini. Juu, kichwa changu kikitazama pembeni, kofia imefunika upara, maana majani niliyaonea haya. Chini, mikono iliyoshikana na neno UMOJA. Binti yangu akatazama, akasema kwa Kiingereza chake cha kila siku kwamba nafanana na picha wanazopigwa watu polisi. Nikamwambia hajui historia.

Siku ya uchaguzi, katika ukumbi wa kukodi Riverdale Park, mama mmoja wa Kizanzibari alikishika kipeperushi mbali na macho yake.

"Mwanangu, mbona ushatununia, na kura bado hatujakunyima?"

Ukumbi mzima ukacheka. Kisha wakaninyima. Nilipata kura saba, na mke wangu hadi leo hataki kusema kama yake imo.

Nilikuwa natoka na boksi la vipeperushi vilivyobaki, yaani karibu vyote, rafiki yangu akanifuata mlangoni na kuninyooshea mkono. Ningeweza kuliweka boksi chini. Nikamwambia nimebeba mzigo. Mkono wake ukabaki hewani, watu wanatazama, nami nikaona aibu ambayo kura saba hazikunipa.

"Lete," akasema. "Wewe mizigo hukuiweza tangu siku ya kwanza."

Akalichukua boksi, akaliweka begani, akatangulia kwenda kwenye gari langu. Nilimfuata mikono mitupu, nikitafuta la kusema, na nikalipata tulipofika.

"Pikiniki ijayo," nikamwambia, "barafu nitanunua mimi."