Mkwe wa Helmeti Nyekundu

Kabla duka la pikipiki la Mansuri halijafunguliwa pale Bigwa, foleni ya barabara ile ilikuwa mbuzi wa Mzee Kondo. Mbuzi akilala katikati ya lami, gari lilisimama, dereva akapiga honi, Kondo akaja kumvuta, watu wakaendelea na maisha. Siku ya ufunguzi, chini ya maturubai na mbele ya matarumbeta, mgeni rasmi akatangaza kwamba kwa pikipiki hizi foleni ya Bigwa sasa inakwenda kuwa historia. Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Hakuna aliyejiuliza ni foleni ipi. Ilikuwa haijazaliwa bado, na mgeni rasmi ndiye aliyekuwa mkunga wake.

Ilizaliwa baada ya wiki mbili, na ilikua haraka. Kila kijana mwenye jembe, mwiko au cherehani alikiweka chini chombo chake akawa bodaboda. Abiria wakawa wachache kuliko madereva, maana abiria wenyewe ndio waliokuwa wamenunua pikipiki. Basi wakaegesha mbele ya duka, wakisubiriana. Waliokuja kujaribu pikipiki mpya walizunguka njia panda ile ile kutwa nzima. Mbuzi wa Kondo alikuwa kiumbe wa kwanza kuhama. Mnyama ana akili.

Mwingine ambaye angehama, kama angekuwa na pa kwenda, ni Paskalia, au Mama Regina kama wote walivyomwita. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Matombo, aliyeuza mezani mboga za figiri na mnavu, na mdalasini, ng'ambo ya barabara, akitazamana na duka. Na pikipiki hakuwa na ugomvi. Shida yake ilikuwa mkwe.

Kwao Paskalia, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani ovyo. Mama akimwona anakuja hupisha njia, hugeuka, hujifunika khanga. Hawagusani, hawatajani majina, na wakiwa na neno la lazima hulipitisha kwa mtu wa tatu. Kifungo hicho hufunguliwa na mjomba, mtoto wa kwanza akishazaliwa, kwa maneno yake na kuku wake. Lakini mtoto wa kwanza wa Regina, binti yake, hakufika. Mimba ilitoka siku ya mvua, Regina akiwa na wauguzi tu, na Paskalia alifika wodini wakati kitanda kimeshatandikwa upya. Regina hakulia mbele ya mama yake. Alisema tu, "Safari nyingine, mama, uwepo." Paskalia aliyabeba maneno hayo kila siku, na yalikuwa mazito kuliko tenga lolote alilowahi kujitwika.

Mkwe mwenyewe, Mikaeli, alikuwa fundi wa kujenga. Fundi hana matata: anaondoka alfajiri, anarudi jioni, na unamjua kwa vumbi la saruji. Kumkwepa ilikuwa kazi ya dakika mbili kwa siku. Kisha Mikaeli naye akanunua pikipiki nyekundu, na Mansuri, kwa ukarimu wake uliopitiliza, akamzawadia kila mnunuzi helmeti nyekundu yenye kioo cheusi usoni. Hapo ndipo Bigwa nzima ikawa mkwe wa Paskalia.

Angefanyaje? Uso hauonekani, pikipiki ni ile ile, helmeti ni ile ile, na adabu haibahatishwi. Ikitokea nyekundu upande wa mjini, aligeuka akajifunika. Ikitokea upande wa mlimani, akageuka tena. Kufika saa nne asubuhi alikuwa ameshazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga, na wateja walizoea kupatana bei na mgongo wake. Madereva nao, masikini, walijivuna, kwani hawakuwahi kuheshimiwa namna hiyo tangu wazaliwe. Mmoja aliwaambia wenzake kijiweni kwamba yule mama anajua kuthamini vijana wanaojituma.

Zuhura, aliyekaanga vitumbua jirani yake, alicheka mpaka vikaungua.

"Mama Regina, huyo ni Hamza wangu! Nimemzaa mwenyewe. Wewe umemwoza binti gani?"

"Najuaje, mwenzangu? Afadhali nimheshimu asiyestahili kuliko nimvunjie heshima mwenyewe."

"Haya, waheshimu. Ila mchuuzi anayegeukia ukuta, atawauzia mijusi."

Mwezi ambao mimba ya pili ya Regina ilikuwa imebakiza wiki tatu, duka likatimiza mwaka. Mansuri akatangaza kuwa kila atakayejiunga na msafara wa pikipiki kutoka Bigwa hadi mjini, Jumamosi, atajaziwa tangi bure. Bure! Zikaja pikipiki kutoka Ngerengere, zikaja kutoka Dakawa, zimemaliza njiani mafuta mengi kuliko yale ziliyoyafuata. Ilipogonga saa tano msafara ulikuwa umejipanga tayari kuondoka, na haukuweza kuondoka, kwa sababu barabara ilikuwa imezibwa na msafara. Mgeni rasmi yule yule alikaa garini nyuma ya pikipiki mia tatu, hotuba mkononi, akiishuhudia historia.

Ndipo simu ya Paskalia ikalia. Alikuwa muuguzi.

"Mama Regina? Binti yako ameletwa hospitali huku mjini na majirani. Uchungu umeshika, na anakuita wewe tu. Jitahidi, mama."

Paskalia akajitwika tenga lake la figiri. Hakujua kwa nini. Labda mwanamke wa mlimani hajui kwenda mjini mikono mitupu. Daladala zilikuwa zimezimwa injini, kondakta kalala kwenye kiti cha abiria. Bajaji zilibanana pembeni. Kwa miguu ni zaidi ya saa nzima, na goti lake la kushoto lilikuwa limeshastaafu. Basi yeye, aliyezipa mgongo helmeti nyekundu mwaka mzima, akazinyooshea mkono.

"Nipo kwenye msafara, bi mkubwa!" ya kwanza ikajibu.

"Mafuta ya bure, mama! Nikitoka hapa nimekosa!" ikasema ya pili.

Ya tatu ikampulizia moshi. Vijana wanaojituma! Paskalia aliwarushia maneno ya Kiluguru ambayo hayafai kuandikwa, na huku anatukana machozi yanamtoka, maana alikuwa anakiona kile kitanda kinatandikwa tena.

Pikipiki moja ikachomoka kwenye msururu, ikapita mtaroni, ikasimama mbele yake. Dereva hakuuliza anakwenda wapi. Hakutaja bei. Bodaboda asiyetaja bei ama ni malaika ama ana lake jambo. Tena aligeuza uso kando, akaukodolea macho mlima kana kwamba umejengwa asubuhi ile. Paskalia akaitazama mikono yake kwenye usukani. Kwenye mapindo ya vidole kulikuwa na saruji ambayo mwaka mzima wa bodaboda haukuitoa. Mamia ya watu baki alikuwa amewageukia asije akakosea, na sasa, kwa huyu aliyekuwa mbele yake, Paskalia hakuwa na shaka hata chembe: ndiye mkwe.

Angeweza kukataa. Mjomba Kasimiri, kule Matombo, angemsifu kwa kulinda mila. Paskalia akaliweka tenga kwenye kiti, katikati, akapanda nyuma yake kiupande, akajifunika khanga.

"Tenga," akasema, "mwambie dereva Regina yuko wodi ya wazazi."

"Tenga," sauti ikajibu kutoka ndani ya helmeti, "mwambie mama najua, na mimi nimepigiwa. Ashike vizuri."

"Tenga, muulize nishike wapi."

Pikipiki ikaondoka, ikapenya kati ya bajaji, ikateremka mtaroni na kuambaa mbele ya duka. Pale mshereheshaji, aliyekuwa amekabidhiwa kipaza sauti badala ya akili, akaona nyekundu moja inakwenda. "Msafara umeanzaaa!" akapiga kelele. Pikipiki mia tatu zikawashwa kwa pamoja na kumfuata Mikaeli mtaroni.

Mbele kulikuwa na shimo. Tenga liliruka juu, likaangukia mtaroni, figiri ikatawanyika, na Paskalia akajikuta amekikumbatia kiuno cha mkwe wake kwa mikono yote miwili.

"Mikaeli!"

"Nipo, mama."

Hakuachia. Hakukuwa na mtu wa tatu tena, na nyuma yao honi mia tatu zilikuwa zinakanyaga figiri.

Mlinzi wa hospitali aliwaona wakija, akawapitisha wawili, akafunga geti kwa minyororo. Huko nje msafara ulisubiri mafuta yake ya bure, ukiziba barabara nyingine ambayo nayo haikuwahi kuwa na foleni. Regina, jasho likimtiririka, aliwaona mama yake na mumewe wamesimama mlangoni pamoja, wana matope.

"Mmekuja wote? Mmepanda pikipiki moja?"

"Nyamaza usukume," akasema Paskalia, akamshika mkono, na Mikaeli akatolewa nje.

Mtoto alilia kabla ya saa saba, wa kike, na honi za nje hazikuweza kumfunika. Regina akageuza kichwa. "Umewahi, mama," akasema. Paskalia alilia kwa sauti mpaka muuguzi akauliza ni nani hasa kati yao aliyejifungua.

Jioni mjomba Kasimiri alipiga simu, amekwishasikia. Nani amefungua kifungo bila maneno, bila kuku?

"Foleni, mjomba," akasema Paskalia. "Njoo uidai kuku wako."

Alirudi mezani kwake Jumatano. Pikipiki nyekundu ikatokea upande wa mjini, na mwili wake, kwa mazoea, ukaanza kugeuka. Ikasimama. Dereva akavua helmeti, akaiweka juu ya tangi.

"Shikamoo, mama."

Zuhura akaacha kitumbua kiungue. Paskalia akaishusha khanga usoni, akamtazama mwanamume yule machoni kwa mara ya kwanza.

"Marahaba, Mikaeli. Mtoto ameamkaje?"