Kocha wa josho aliyekataa kuwaambia mabinti 'subirini'

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya nyasi za Nyakasimbi, wilayani Karagwe, na ng'ombe wa kwanza anagoma kuingia josho.

Benitha Kyarimpa hamfokei. Anampapasa mgongo, anasogea nyuma yake, kisha anamsukuma kwa bega. Ng'ombe anaruka, dawa inatapakaa, na mwanamke huyu wa miaka 36 anatembea naye ukingoni akiwa na fimbo yenye panda. Anamzamisha kichwa mara moja tu, ili kupe wa masikioni nao wafe.

"Huyu kila Jumanne ananifanyia hivi hivi," anasema, akijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Ananijua, namjua."

Hadi saa nne atakuwa amepitisha ng'ombe zaidi ya mia tatu. Kwa kazi hiyo kikundi cha wafugaji humlipa shilingi 130,000 kwa mwezi. Kazi yake ya pili haina mshahara kabisa, na ndiyo inayomgombanisha na watu. Benitha ni kocha mkuu wa Kahawa Queens, timu ya wanawake inayocheza ligi ya mkoa wa Kagera, na amekuwa akiwapa namba mabinti wa miaka kumi na sita mbele ya watu wazima waliozoea kuanza.

Wapinzani wanaiita "timu ya josho". Yeye hakasiriki.

"Waite wanavyotaka. Wachezaji wangu wengi niliwapata hapa hapa. Walileta ng'ombe wa nyumbani kwao, na wakati wanasubiri zamu walikuwa wanapiga mpira wa majani makavu ya mgomba. Wengine waliona watoto wanaocheza. Mimi niliona beki wa kushoto."

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Aliwaomba wafugaji kipande cha malisho nyuma ya josho, akachimbia magoli ya miti, akaanza akademi na wasichana tisa. Leo wako 34. Wanafanya mazoezi mara tatu kwa wiki baada ya shule. Viatu wanapeana: anayetoka uwanjani anavua, anayeingia anavaa.

Ukimuuliza kwa nini ana haraka na watoto hawa, anainua suruali na kuonyesha goti la kulia. Kovu limepita katikati, refu na jeusi.

Benitha alikuwa winga. Akiwa na miaka 16 alijiunga na timu ya wakubwa ambayo siku hizi haipo tena. Mashindano yalipokaribia, viongozi wake walikuwa wakikodi wachezaji kutoka mbali.

"Unafanya mazoezi wiki nzima. Jumamosi linakuja gari lina watu watano hujawahi kuwaona, wanavaa jezi, sisi wa hapa tunabeba maji. Nikiuliza, naambiwa wewe bado mdogo, subiri. Nikasubiri miaka mitano."

Alipopata namba alikuwa na miaka 21. Msimu ule ule goti likapinda kwenye shimo la uwanja na halikurudi sawasawa.

"Mechi kumi na moja," anasema. "Mpira wangu wote ni mechi kumi na moja. Kwa hiyo mtu akiniambia mtoto asubiri, namuuliza: asubiri nini?"

Swali hilo nusura limgharimu timu msimu uliopita.

Zilikuwa zimebaki mechi tatu na Kahawa Queens ilikuwa ya pili kutoka mkiani. Timu mbili za chini hutolewa ligi ya mkoa. Wakati kila mtu alitarajia awashikilie wazoefu wake, Benitha alipandisha wanne wa akademi kwa mpigo. Kati yao alikuwemo Nikuze Athanasi, kiungo wa miaka 16, binti wa kibarua wa mashamba ya migomba ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Nikuze alipewa nafasi ya Tusiime, nahodha wa miaka 33, aliyeicheza kwa misimu minane.

Tusiime hakuwa mchezaji tu kwake. Ndiye rafiki aliyemshika mkono siku goti lilipovunjika.

"Alinipigia simu Ijumaa," anakumbuka Tusiime, ambaye ana kibanda cha kuuza matoke na maharage karibu na stendi ya Kayanga. "Akaniambia, kesho huanzi. Nikakata simu. Sikumsemesha wiki tatu. Nilisema huyu amenitupa, basi."

Mechi ya kwanza ilichezwa Nkwenda, wilayani Kyerwa. Hadi mapumziko walikuwa wamefungwa mabao manne. Mwisho yakawa sita kwa bila. Watazamaji waliimba, "Warudisheni shule! Warudisheni shule!" Njiani kurudi, walipokaribia nyumbani, Nikuze alimsogelea kocha.

"Kocha, kesho nisije mazoezini?"

"Kesho uje mapema kuliko wote," Benitha alimjibu.

Jumatatu yake kamati ilimwita. Mwenyekiti, Mzee Projestus, ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini Kayanga na ndiye anayelipia usafiri wa timu kwa muda mrefu. Alikuwa amekwisha kuzungumza na wachezaji watatu wazoefu kutoka nje ya mkoa. Walikuwa tayari kuja, kucheza mechi mbili na kuondoka.

"Shikamoo Mzee," Benitha alisema, na kabla hajakaa vizuri akaonyeshwa majina.

"Marahaba. Wanafika Alhamisi. Hao watoto wako wapumzike kwanza, mwakani utawachezesha."

"Mwakani watakuja wengine watatu, Mzee. Na mwaka unaofuata."

"Binti yangu, unataka tushuke daraja?"

"Nataka tubaki, na tubaki na watu wetu. Wakija hao, mimi natoka. Lakini sitatoka kimya. Nitapita kwa kila mzazi aliyeniamini nimwambie kwa nini mtoto wake amerudishwa benchi."

Mmoja wa wajumbe alicheka. Mzee Projestus hakucheka. Aliwaambia wale watatu wasubiri, akampa Benitha mechi moja. Walifungwa tena, mbili kwa moja, ingawa bao lao la kufutia machozi lilifungwa na Atwine, mshambuliaji wa miaka 17 kutoka akademi. Kabla ya mechi ya mwisho walihitaji angalau sare ili wabaki kwenye ligi.

Kisha Atwine akaacha kuja mazoezini.

Baba yake, Mzee Elieza, ni mfugaji wa Bweranyange. Benitha alikodi bodaboda akamfuata, akamkuta akiwatazama ndama zizini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Najua kilichokuleta."

"Basi niambie, baba, amekosa nini?"

"Hajakosa. Nimekosa mimi niliyemruhusu," alisema mzee. "Nilienda mnadani, watu wakaniuliza kama binti yangu ndiye aliyefungwa sita. Wanacheka mbele ya wakwe zangu."

"Mabao sita nilifungwa mimi. Mimi ndiye niliyepanga timu. Wakikucheka tena, waambie waje josho Jumanne, wanicheke mimi uso kwa uso."

Mzee Elieza alifunga lango la zizi. Hakuuliza habari ya mpira.

"Ukimchukua, utamrudisha saa ngapi? Hapa kuna kukamua."

"Saa kumi na moja jioni atakuwa hapa. Nikichelewa, nitakamua mimi."

Mara mbili katika wiki ile alichelewa. Mara mbili, Atwine anathibitisha akicheka, kocha alikaa chini akakamua.

Mechi ya mwisho ilichezwa Kayanga, Jumapili alasiri, baada ya ibada. Uwanja ulijaa. Robo saa kabla ya kuanza, Mzee Projestus alimkabidhi Benitha karatasi. Ilikuwa orodha ya kikosi, ameiandika mwenyewe. Wale watatu wa nje hawakuwa wamekuja tena, lakini watoto wote wanne walikuwa wameondolewa. Nahodha na kiungo: Tusiime.

"Nilimwambia, Mzee, hii nitaiheshimu kama barua, lakini kwa mwamuzi naipeleka yangu," Benitha anasimulia. "Akaniambia, ukifanya hivyo leo ndiyo mwisho wako. Nikamwambia, sawa, uwe mwisho. Ila uanzie saa kumi na mbili, mechi ikiisha."

Wachezaji walikuwa wamekaa wakisikia kila neno. Tusiime, aliyekuwa amekwisha kufunga kitambaa cha unahodha mkononi, alisimama.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Miguu yangu naijua mwenyewe. Dakika sitini za kukimbia sina. Huyu mtoto anazo tisini. Aanze yeye."

Akafungua kitambaa, akamvisha beki wa kati, akaenda kukaa benchi. Nikuze anasema alilia palepale, na Tusiime akamkaripia: "Unalia nini? Funga kamba za viatu."

Nikuze ndiye aliyekosea kwanza. Dakika ya ishirini na mbili alipoteza mpira katikati ya uwanja, wageni wakakimbia nao, wakafunga. Jukwaa zima liligeuka kumtazama kocha. Mzee Projestus alipiga kelele toka alipokaa: "Mtoe! Kyarimpa, mtoe!"

Benitha hakumtoa.

"Aliniangalia," anasema. "Macho yale nayajua. Mtoto anangoja umwambie kwamba hawezi. Nikapaza sauti: Nikuze, uombe mpira tena! Uombe!"

Akauomba. Wenzake wakampa. Alipoteza mara nyingine mbili, akauomba tena. Kipindi cha pili alianza kutulia, akigeuka na mpira kabla hajafikiwa. Dakika ya sabini na moja aliutuliza karibu na mstari wa katikati, akainua kichwa, akapenyeza pasi kati ya mabeki wawili. Atwine alikuwa tayari anakimbia. Kipa alitoka, Atwine akamzunguka, akausukuma wavuni taratibu kama anayefunga mlango.

Moja kwa moja. Dakika zilizobaki walizuia wote kumi na mmoja, na mwisho wakabaki ligi.

Wengi wangetarajia hadithi iishie hapo kwa furaha. Haikuishia hapo. Wiki iliyofuata kamati ilimsimamisha Benitha kwa miezi miwili kwa kukaidi uongozi. Hakukata rufaa. Alikuwa akiwafundisha watoto wa akademi nyuma ya josho, ambako kamati haina amri, na jioni za Ijumaa wakubwa nao walianza kufika mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Tusiime.

"Nilikwenda kumgombeza," anasema Tusiime. "Nikakuta anawafundisha kukaba, anakosea. Nikavua viatu nikaingia kumsaidia." Hadi leo ndiye msaidizi wake.

Mzee Projestus, alipoulizwa dukani kwake, hakujificha.

"Alivunja utaratibu, na angefungwa siku ile nisingemrudisha," alisema. "Lakini ile pasi ya mtoto wa Athanasi niliiona kwa macho yangu. Mimi ni mtu mzima, siwezi kusema sikuiona." Alipima misumari ya mteja, akaongeza: "Ila ni mkaidi, waitu, jamani! Mkaidi sana."

Msimu huu Kahawa Queens ni ya tatu kati ya timu nane. Katika kikosi cha wachezaji 22, saba wametoka akademi. Nikuze na Atwine wameitwa kwenye majaribio ya timu ya vijana ya mkoa. Athanasi, baba yake Nikuze, ambaye hakuwahi kufika uwanjani kwa sababu Jumamosi na Jumapili hulima shamba lake mwenyewe, siku hizi hulima siku isiyo na mechi.

Si kila kitu kimenyooka. Wasichana watatu wameacha mazoezi mwaka huu, mmoja kwa sababu ameolewa. Benitha alikwenda hadi kwa wazee wa mumewe kuomba aendelee kucheza. Walimpa chai, wakamsikiliza, wakakataa.

"Nitarudi," anasema. "Chai yao ni nzuri."

Anataka kusomea kozi ya juu zaidi ya ukocha, inayofanyika mbali na huku, na anaweka akiba ya nauli kidogo kidogo. Anataka pia mkutano mkuu wa klabu upitishe kanuni kwamba kila mechi waanze wachezaji wasiopungua watatu wa akademi, awepo yeye au asiwepo. Ameambiwa haitapita.

"Isipopita mwaka huu, nitaileta mwakani. Nikitolewa, ataileta mwingine. Hawa watoto wameshajua ladha ya kucheza na wakubwa. Nani ataweza kuwakalisha tena?"

Saa nne imefika. Ng'ombe wa mwisho anapanda kutoka josho akitiririka maji, na Benitha anavua ovaroli. Kisha, akiwa anakunja mikono ya jezi, anamsogelea mwandishi na kushusha sauti. Jumamosi wanakutana na vinara wa ligi. Golini atasimama Mackrine, wa kidato cha pili, mwenye miaka 15. Hajawahi kudaka mechi hata moja ya wakubwa. Kamati haijui.

"Gazeti lako linatoka lini?" anauliza.

Anaambiwa makala itatoka Jumapili.

"Basi andika," anasema, akiokota mpira. "Jumapili atakuwa ameshacheza."